Kiti cha Baiskeli, Tezi Dume na Kidole cha Daktari

Barua nne za safu hii zimetoka kwa waendesha baiskeli, na zote zinahusu mkojo. Nimezipunguza urefu na kuondoa majina. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, kwa sababu hofu iliyomo ndani yake naikuta kliniki kila wiki, na mara nyingi mwenye hofu hiyo huwa amechelewa kufika.

Swali: Daktari, salamu. Nina umri wa miaka 56 na naendesha baiskeli tangu ujana. Kila Jumapili huenda kilomita 60 au zaidi. Tangu mwaka jana naamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, na mkojo hutoka kwa unyonge. Jumatatu moja asubuhi nilitolewa damu, kipimo cha PSA kikasoma 4.8, nikaambiwa nirudi kwa uchunguzi wa kidole, na kwamba huenda baadaye nikaingizwa kamera. Sijarudi, na sasa ni miezi mitano. Nimeacha kuendesha nikitumaini kuwa namba itashuka yenyewe. Je, baiskeli ndiyo iliyoniharibia tezi dume? Na uchunguzi huo hauna mbadala?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na neno moja katika barua yako ambalo huenda ulilipita bila kulitilia maanani: Jumatatu. Uliendesha kilomita 60 siku ya Jumapili na asubuhi iliyofuata ukatolewa damu. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi chake kidogo huingia kwenye damu. Lolote linaloisumbua tezi hiyo, yawe maambukizi ya njia ya mkojo, kumwaga shahawa, kukatwa kinyama cha kupima au mazoezi makali, linaweza kuipandisha kwa muda. Ndiyo maana mtu hushauriwa akae saa 48 bila mazoezi makali, baiskeli ikiwamo, na bila kumwaga shahawa, kabla ya kutolewa damu. Aliyekuwa na maambukizi husubiri wiki 6 hivi. Kama hukuelezwa hayo, kosa si lako, lakini kipimo hicho kinapaswa kurudiwa.

Hata hivyo, usiitwishe baiskeli mzigo wote. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wanaume 129 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, kabla na mara baada ya safari ya kilomita 55 hadi 160, ukakuta PSA imepanda kwa wastani wa asilimia 9.5. Tafiti nyingine zilipojumlishwa pamoja hazikuona tofauti ya maana. Tuseme basi kwamba wewe ni miongoni mwa wale ambao PSA yao hupanda: ukiondoa asilimia hiyo, 4.8 yako inakuwa 4.4 hivi, ambayo kwa mtu wa umri wako bado inataka kufuatiliwa. Siku mbili bila baiskeli zinatosha kukupa kipimo cha kuaminika. Miezi mitano bila baiskeli na bila daktari imekunyima mazoezi tu.

Kuhusu kuharibiwa tezi dume, kuamka usiku na mkojo kukosa nguvu mara nyingi hutokana na tezi iliyotanuka, hali ambayo huja na umri na huwapata karibu nusu ya wanaume walio kati ya miaka 50 na 60, wakiwamo wasiowahi kupanda baiskeli maishani. Pengine umesikia habari iliyozagaa kwamba baiskeli huleta saratani. Chanzo chake kimojawapo ni utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 uliohoji wanaume 5,282 wanaoendesha baiskeli, ambapo wenye zaidi ya miaka 50 walioendesha kwa zaidi ya saa 8.5 kwa wiki walitaja saratani ya tezi dume mara nyingi zaidi kuliko wenzao walioendesha kidogo. Watafiti wenyewe walionya kwamba hilo halithibitishi chanzo, kwa kuwa mtu anayejali mwili wake kiasi hicho ndiye pia anayekwenda kupimwa, na anayepimwa ndiye anayegunduliwa. Utafiti huohuo haukuona uhusiano wowote kati ya saa za kuendesha na upungufu wa nguvu za kiume au ugumba, lakini sehemu hiyo, kama kawaida ya habari njema, haikusambaa sana.

Sasa tufike kwenye kidole. Nakueleza hatua kwa hatua kwa sababu nimeona kwamba kinachowatisha watu zaidi ni kutojua. Utalala kwa ubavu, magoti yakiwa yamevutwa kuelekea kifuani, au utasimama ukiwa umeinama na kuegemea kitanda. Daktari atavaa glavu, atapaka jeli ya kulainisha, ataingiza kidole kimoja kwenye njia ya haja kubwa na kuipapasa tezi dume kupitia ukuta wa mbele: anatafuta ukubwa wake, ulaini wake, na kama kuna uvimbe mgumu au upande mmoja usiolingana na mwingine. Huchukua chini ya dakika moja. Utahisi msukumo, na huenda ukahisi kama mkojo unataka kutoka, hautoki. Ukivuta pumzi ndefu na kuitoa polepole pale kidole kinapoingia, misuli hulegea na kazi huwa rahisi kwenu wote wawili. Ukisikia maumivu makali, sema, kwa kuwa maumivu nayo ni taarifa: tezi yenye maambukizi huuma ikiguswa. Una haki ya kuomba awepo mtu wa tatu chumbani, au asiwepo, na una haki ya kusema “simama” wakati wowote.

Mbadala upo, ila kwa sehemu tu. Katika hospitali nyingi zenye vifaa, picha ya MRI sasa hutangulia kabla ya kukata kinyama, na kuna madaktari ambao huitegemea kuliko kidole. Muulize wako. Usikubali tu kwamba uoga wako uwe sababu ya kutopimwa chochote.

Kamera ni jambo jingine kabisa, na hapa ningekushauri uulize swali kabla ya kuogopa: inatafutwa nini? Kamera hutazama ndani ya mrija wa mkojo na kibofu. Saratani ya tezi dume haigunduliwi kwa njia hiyo. Kwa malalamiko kama yako, kwa kawaida huanza vipimo visivyogusa mwili sana: kupima mkojo, kukojoa kwenye chombo chenye faneli kinachopima kasi, kisha ultrasaundi ya tumbo kuona kiasi kilichobaki kibofuni. Nenda ukiwa umebanwa vizuri, la sivyo kipimo cha kasi hakitasema kitu. Mwanaume akifikia kasi ya juu ya mililita 15 kwa sekunde au zaidi, kwa kawaida njia haijaziba sana. Mchoro wa kasi ukipanda kidogo kisha ukabaki bapa kama meza, tunashuku kovu lililobana mrija, na hapo kamera ina kazi ya kufanya.

Ikifika huko, jua kwamba kamera inayotumika kliniki hupindika na ni nyembamba kuliko kalamu ya kuandikia. Jeli yenye dawa ya ganzi humiminwa kwanza kwenye mrija na kuachwa dakika kadhaa; mwombe mtaalamu asiiharakishe hatua hii. Mrija wa mwanaume una urefu wa sentimeta 20 hivi, na pahali panapouma zaidi ni pale kamera inapopita kwenye msuli unaozuia mkojo, karibu na tezi dume. Jaribu kufanya kama unayetaka kukojoa wakati huo, msuli utafunguka. Yote huisha ndani ya dakika chache. Mkojo utachoma kwa siku moja au mbili na unaweza kuwa na wekundu kidogo, basi kunywa maji na uiache baiskeli ipumzike mpaka kuchoma kuishe. Ukipata homa, ukitoa mabonge ya damu au ukishindwa kukojoa, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Nina miaka 29. Nikiendesha zaidi ya saa moja, sehemu za siri hufa ganzi, na hisia hurudi baada ya nusu saa. Rafiki zangu wananiambia ni kawaida. Ni kweli?

Jibu: Ni jambo linalotokea sana, na wengi huchanganya hilo na kuwa salama. Uzito wa mwili unapaswa kubebwa na mifupa miwili ya makalio. Kiti chembamba, au kilichoinuliwa pua, huhamishia uzito huo kwenye msamba, yaani eneo lililo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa, ambako hupita neva na mishipa ya damu inayohudumia uume. Ganzi ni neva ikikuambia imebanwa. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani iliwapa askari polisi wanaofanya doria kwa baiskeli viti visivyo na pua, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, baada ya miezi sita, askari wasiopata ganzi kabisa waliongezeka kutoka asilimia 27 hadi 82. Si lazima uanze na kiti cha aina hiyo. Tafuta kinacholingana na upana wa mifupa yako, kilaze sawa au kiinamishe mbele kidogo sana, inua usukani, na usimame juu ya pedali kila baada ya dakika kumi. Kiti kikiwa juu mno nyonga hucheza kushoto na kulia, na msamba husuguliwa. Wengi hununua kiti kipya wakati walihitaji tu kukishusha.

Kama ganzi inabaki hadi siku inayofuata, au nguvu za kiume zinapungua, muone daktari. Na kama imekuja pamoja na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo haitoki kwenye kiti: inaweza kuwa ni uti wa mgongo, na ni dharura ya saa ileile.

Swali: Mimi ni mwanamke, nimepata UTI mara tatu ndani ya mwaka tangu nianze kwenda kazini kwa baiskeli. Nilipomweleza mhudumu kuhusu baiskeli alicheka, kisha akanichunguza bila kunieleza anachofanya. Sitaki kurudi tena.

Jibu: Pole, dada. Hilo halikustahili kichekesho. Uchunguzi wa viungo vya siri hufanywa baada ya kuelezwa na kukubali. Kuomba mhudumu wa kike au mtu wa kuwa nawe chumbani si usumbufu. Badilisha kituo ukiweza, lakini usiache matibabu.

Ulichokisema kina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ukilinganisha wanawake waendesha baiskeli na waogeleaji na wakimbiaji ulikuta kwamba waendesha baiskeli walitaja maambukizi ya njia ya mkojo mara nyingi zaidi. Mrija wa mwanamke una sentimeta 4 hivi tu, na msuguano, jasho na kujizuia mkojo njiani huwasaidia bakteria kuufikia. Kojoa mara ufikapo, badilisha kaptura yenye pedi bila kukawia, usiivae mara ya pili bila kufua, na usivae chupi chini yake, kwa kuwa mishono yake huchubua ngozi. Usijioshe kwa sabuni kali au dawa ndani ya uke. La muhimu zaidi, dai mkojo wako uoteshwe maabara kabla ya kupewa antibayotiki nyingine. Kwa sampuli safi, acha mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati. Nimewaona wanawake waliotibiwa UTI mara nne ilhali mkojo ulikuwa hauna bakteria na tatizo lilikuwa ngozi iliyochubuka na kiti.

Swali: Baada ya mbio ndefu mkojo wangu ulikuwa mwekundu, kesho yake ukawa sawa. Nipuuze?

Jibu: Hapana. Mazoezi makali yanaweza kutoa damu kwenye mkojo, nayo hutoweka ndani ya saa 72 za mapumziko, lakini mazoezi hutajwa kuwa chanzo baada tu ya kuondoa mengine: mawe, maambukizi, uvimbe wa kibofu, na kichocho kwa aliyewahi kuoga kwenye maji yasiyo ya chumvi, kama ya ziwa au mto, yenye vimelea vyake. Mweleze daktari ulikula nini pia, maana viazisukari vyekundu (bitiruti) vimewahi kumpeleka mtu hospitali bure. Ukiona mkojo wa rangi ya chai nzito pamoja na misuli inayouma na kuvimba, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu mabaki ya misuli inayovunjika yanaweza kuziba figo. Na ukiwahi kuanguka ukatua kwa msamba juu ya bomba la fremu, kisha tone la damu likatokea kwenye tundu la mkojo, usijilazimishe kukojoa nyumbani; nenda hospitali ukiwa hivyohivyo, na useme wazi ulipotua.