Mama anasahau na anadai anaibiwa: hiyo amiloidi aliyotaja daktari ni kitu gani

Mkuu, pole na mama. Umeuliza mambo matatu: amiloidi ni nini, inaambukiza, na je, wazee wa ukoo wana haki kusema mama amechezewa, yaani amerogwa. Naanza na la tatu, maana ndilo lililotaka kutuvunja sisi huku Tukuyu.

Mama yangu alianza na hela ya chai. Akilipwa za majani anazifunga kwenye kitambaa, anaficha, kesho yake anapiga kelele kuwa mkamwana wake kamwibia. Mke wangu alilia sana mwaka ule. Siku moja nachota unga kwenye ndoo nisonge ugali, mkono ukagonga kitambaa. Noti zote zimo, nyeupe kwa unga. Nikampelekea. Akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Kumbe amezirudisha." Nilikaa chini. Pale hapakuwa na mwizi wala ugomvi wa mkwe, ila wajomba walishaanza kutaja jirani kwa jina.

Sasa amiloidi. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Kila mwaka kidato cha kwanza nawakatia kiazi cha Uyole, tunadondosha iodini, kinageuka bluu iliyokolea: wanga huo. Jina amiloidi lina asili hiyo hiyo. Mwaka 1854 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, aliona vijipunje kwenye ubongo vikibadilika rangi kwa iodini, akavipa jina lenye maana ya kitu kinachofanana na wanga. Mwaka 1859 wanasayansi Friedreich na Kekulé wakapima uvimbe wa namna hiyo, wakakuta hakuna wanga, ni mambo ya protini. Jina likabaki na kosa lake mpaka leo.

Protini ni uzi mrefu uliokunjwa, na kazi yake inategemea mkunjo. Ukikunjika vibaya, vipande vinaanza kupangana. Umeona mabati ya migongo yakirundikwa dukani Mwanjelwa? Bati la kwanza likishalala, la pili linakaa lenyewe kwenye migongo yake, la tatu hivyo hivyo, na ukitaka kuyabandua yamebanana. Amiloidi ndivyo inavyojipanga, kipande kilichokunjika vibaya kinawavuta wenzake, na mwili unashindwa kufumua rundo.

Kwa ugonjwa wa Alzheimer, ule wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu, kipande chenyewe kinaitwa beta-amiloidi. Vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi kama mkasi hapa, hukikata kutoka protini kubwa zaidi, kikiwa na asidi amino (shanga zinazounda uzi wa protini) 40 hivi. Chenye 42 ndicho kinachonata zaidi. Hurundikana nje ya seli za ubongo, na ndani ya seli protini nyingine, tau, inajisokota kama uzi uliovurugika. Vyote viwili daktari Mjerumani Alois Alzheimer alivieleza mwaka 1906 baada ya kuchunguza ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, aliyefariki akiwa na miaka 55. Na dalili za mwanzo za huyo mama? Kumshuku mumewe. Ujerumani hapakuwa na jirani wa Tukuyu wa kumroga. Wajomba niliwasimulia hiyo habari tukinywa chai, ikafanya kazi kuliko somo langu lote la protini.

Kingine kilichonisaidia: mrundikano huanza miaka 15 hata 20 kabla dalili hazijaonekana. Kwa hiyo ule ugomvi wa shamba wa hapa kwetu mwaka juzi, ambao watu wanautaja kuwa ndiyo chanzo, umechelewa sana.

Amiloidi si ya ubongo peke yake. Ipo inayotokana na protini ya ini na kukakamaza moyo, ipo inayoharibu figo za mtu aliyeishi na uvimbe wa muda mrefu kama kifua kikuu kisichotibiwa, na kwenye kongosho la wenye kisukari cha ukubwani inakutwa pia. Kila moja na protini yake.

Kuambukiza: hapana. Lala naye chumba kimoja, kula naye sahani moja. Kurithi kupo, ila familia ambazo jeni moja linaamua kila kitu ni chache sana. Wengi ni umri na bahati mbaya.

Dawa zinazofuta amiloidi zimeanza. Lecanemab ilipitishwa Marekani mwaka 2023. Inapunguza kasi ya ugonjwa kwa walio hatua za mwanzo, hairudishi kilichopotea, na inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Usiuze ng'ombe kwa ajili yake.

Ila usikubali neno Alzheimer bila vipimo vya damu. Sisi hospitali ya kwanza walituambia "uzee tu" wakatupa vidonge vya usingizi, mama akawa anaanguka. Omba wapime tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, presha na sukari, na waulize kama ana sonona. Baadhi ya hivyo vinaleta usahaulifu na vinatibika.

Usibishane naye kuhusu wizi. Sema "tutafute wote", kisha anzia kwenye unga. Na funguo za mlango wa nje lala nazo wewe. Mama yangu alitoka saa nane usiku, mwezi wa saba, kwenda kuchuma chai. Tulimkuta kwenye mistari, peku, kikapu mgongoni, amechuma kweli.