Kutoa sailensa ya Hilux ya dizeli: nguvu au kelele tu?

Kaka, kwa Hilux ya dizeli yenye tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), kukata sailensa ya nyuma kutakupa kelele, nguvu utaitafuta usiione. Tabo yenyewe tayari inaumeza mngurumo mwingi. Kinachobana moshi ni ile sehemu ya mbele: bomba linalotoka kwenye tabo hadi kwenye katalitiki (kisafisha moshi), pamoja na zile kona ambazo fundi amezikunja mpaka bomba likabonyea. Weka bomba la inchi 2.5 kutoka kwenye tabo hadi nyuma, kona ziwe laini, kisha ubakize sailensa moja ya kupitisha moshi moja kwa moja. Tabo itaanza kusukuma mapema kidogo, na sauti itakuwa nzito bila kukupasua kichwa ukipanda Limuru Road. Usitarajie miujiza bila kurekebisha programu ya injini.

Kirinyaga Road na Industrial Area, Nairobi, hukosi fundi wa kukuchomelea. Ila mwambie asitoe ile fleksi (kipande cha bomba kinachonyumbuka), maana injini hutikisika, na bomba lililoshikwa kikiki hupasuka kwenye weldi. Asisahau pia mipira ya kuning'inizia bomba. Chuma cha pua ni ghali, lakini cha kawaida kitaliwa na kutu.

Ya petroli isiyo na tabo ni hesabu nyingine: bomba likizidi upana, gari linalegea mizunguko ya injini ikiwa chini.

Na kumbuka kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, hasa ukipita usiku mitaani.