Mwongozo wa afasia ukutani hausaidii: kwa mnaoanza kazi Nyanda za Juu Kusini

Mwaka wangu wa kwanza wa kutibu matatizo ya lugha na usemi Mbeya, nilichapisha mapendekezo yote ya mwongozo wa huduma kwa wenye afasia, yaani waliopungukiwa uwezo wa kusema au kuelewa lugha baada ya ubongo kuumia, nikayabandika katika chumba cha wauguzi, kisha nikashangaa kwamba mwezi mzima ulipita bila mgonjwa hata mmoja wa kiharusi kuletwa kwangu. Kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimekubaliana na muuguzi wa zamu afanye nini, wakati gani, na aandike wapi.

Tangu hapo huanza na pendekezo moja tu, nanyi nawashauri muanze na hilohilo: kila aliyelazwa kwa kiharusi apimwe mawasiliano, kwa kuwa takribani mmoja kati ya watatu hupata afasia, na baadhi yao huandikwa kwenye faili kuwa wamechanganyikiwa ilhali akili zao ni timamu. Tuliongeza mstari katika fomu ya kupokea wagonjwa. Muuguzi humwomba mgonjwa ashike kikombe, ataje jina la shuka, arudie sentensi fupi, kisha humwuliza, "Hapa ni sokoni?" Swali hilo halikuwekwa kwa mzaha, kwani wapo wanaoitikia kila kitu kwa kichwa, hasa mbele ya daktari, nasi tukadhani wameelewa.

Mgonjwa apimwe pia katika lugha zote anazozitumia. Nilimpima bibi mmoja wa Rungwe kwa Kiswahili, asitamke neno, nikaandika kuwa afasia yake ni kali. Mjukuu wake alipoingia na chupa ya chai akamsalimu, "Ugonile," bibi aliitikia papo hapo. Salamu peke yake haithibitishi mengi, kwa sababu maneno ya mazoea mara nyingi husalia hata mengine yakipotea. Lakini mjukuu alipomwonyesha vitu kwa Kinyakyusa, alitaja ndizi na jembe kabla ya kukwama, nami nikalazimika kuandika tathmini upya. Mkimtumia ndugu kutafsiri, mwonyeni mapema asimjibie mgonjwa. Picha za majaribio ya kigeni nazo zichujwe: jaribio la Boston la kutaja vitu lina michoro 60, mmojawapo ni nyumba ya barafu, na mkulima wa Uyole asiyeijua si lazima awe na afasia.

Kuwafundisha ndugu namna ya kuzungumza na mgonjwa ndiko ninakoweka muda wangu mwingi, na hufanyika kabla ya ruhusa, kwa vitendo, kando ya kitanda: sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, kusubiri jibu bila kumkatiza, na kuandika au kuchora machaguo mawili katika daftari ili aguse analotaka. Tarehe ya mgonjwa kurudi kwenu iangukie siku ya kliniki yake ya presha, kwa kuwa familia inayotoka Kyela haitalipa nauli mara mbili katika wiki moja.