Baba mdogo ni msimamizi wa mirathi na anataka kuuza nyumba: fanya hivi

Pole na msiba, dada. Kama nimekuelewa, baba mdogo aliteuliwa msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo ninyi watoto hamna habari, na sasa anatafuta mteja wa nyumba. Usimamizi si umiliki.

Kwanza pata namba ya shauri, uombe nakala ya jalada. Fungua muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza: majina yenu yapo? Sahihi ni zenu? Hapo ndipo ujanja mwingi hujificha. Angalia pia Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, ambayo alipaswa kuiwasilisha ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe.

Usikimbilie rufaa, kwa kuwa hamkuwa sehemu ya shauri. Ombeni mahakama ileile itengue uteuzi.

Nyumba ikiwa na hati miliki, wekeni zuio (tangazo la kuzuia isihamishwe kwa mtu mwingine) kwa Msajili wa Hati leo, si kesho. Akishauza, mtagombana na mnunuzi. Isipokuwa na hati, andikieni serikali ya mtaa kupinga uuzaji, nakala yenu ya barua igongwe mhuri.

Kama baba alikuwa Mkristo asiyeishi kimila, muone wakili au msaidizi wa kisheria: huenda Mahakama ya Mwanzo haikuwa na mamlaka kabisa.