Jibu: Mama ndiye analima lakini meseji ya mbolea ya ruzuku haimfikii

Dada, umeuliza mbona mama yako analima kila msimu na meseji ya mbolea ya ruzuku haimfikii wakati majirani wanapata, na shamba bado liko kwa jina la marehemu baba. Hiyo meseji ndiyo serikali hutuma kwa simu ya mkulima aliyeandikishwa, ikiwa na namba ya vocha ya kununua mbolea kwa bei nafuu. Taito, yaani hati ya shamba, sio shida. Mimi nalima shamba la kukodi huku Trans Nzoia, Kenya, hakuna hata eka moja yenye jina langu, na mbolea ya serikali napata. Kile kinaangaliwa ni jina, kitambulisho, laini ya simu na eka zilizoandikwa, basi.

Sasa kama mzee alikuwa hai mapema 2023 wakati machifu na wazee wa vijiji walizunguka wakiandikisha wakulima, kuna uwezekano mkubwa yeye ndiye aliandikwa, na meseji zinaingia kwa laini yake ambayo pengine ilishazimwa. Hapo ndipo mambo yameharibika kwa boma nyingi sana nazozijua. Mama anaamka kupalilia, mama anavuna, lakini kwa rejista mkulima ni mwenye boma, hata kama yuko Nairobi hajashika jembe miaka. Hii inaniuma kusema kweli kwa sababu pesa ya umma imewekwa hapo ishuke kwa anayelima, sio kwa mwenye simu.

Na tofauti sio ndogo. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa karibu shilingi 6,500 mwaka 2022, serikali ikashusha hadi 3,500 mwezi wa tisa, halafu 2023 ikafika 2,500. Mjane akikosa hio anarudi dukani kununua kwa bei ya soko, ama anapanda na nusu mfuko badala ya mifuko miwili, na ukipanda mahindi hivyo unayaona yakigeuka manjano mapema tu.

Kwa hivyo mama aende kwa chifu msaidizi na kitambulisho chake, aandikishwe yeye kama yeye, sio kama mke wa fulani, na laini iwe ile anayoshika mwenyewe kila siku, sio yako wala ya mjukuu. Akiwa hapo aulize wamemwandikia eka ngapi na mmea gani, asikubali kuambiwa tu "umeingia". Mifuko inagawanywa kulingana na eka, na kuna jirani yangu analima tatu akaandikiwa moja, kuirekebisha ilimsumbua mpaka mvua ikaanza. Aende mapema, Novemba ama Disemba hivi, mana ikifika Machi kila mtu anakimbilia huko na hakuna wa kumsikiliza.

Meseji ikiingia aende na kitambulisho na pesa ikiwa kwa simu, na apige hesabu ya usafiri kabla hajatoka, depo ya kuchukulia mbolea ikiwa mbali, nauli ya mifuko miwili inaweza kula sehemu kubwa ya hio nafuu. Sisi huungana majirani kadhaa tunakodisha pikapu moja. Na kuna watu hukaa nje hapo wanataka kununua ile namba ya vocha kwa pesa kidogo, asiwape hata akiwa na shida, msimu ukifika hio pesa imeisha na shamba halina kitu.

Halafu risiti na mfuko wenyewe asitupe. Mnakumbuka 2024 mbolea feki ilipatikana ndani ya huu mpango wenyewe na serikali ikasema wakulima walionunua watafidiwa, sasa bila karatasi utaonyesha nini.

Kitu kingine ingawa hukuuliza: kama huko kwenu wamepanda na DAP, ile mbolea ya kupandia, miaka na miaka, udongo unaweza kuwa umeshakuwa na asidi na hata mbolea ya bei rahisi haitafanya kazi vizuri. Apeleke udongo upimwe, akiambiwa ni chokaa ya shamba atangulize hio wiki kadhaa kabla ya kupanda ndio anunue mbolea. Afisa wa kilimo wa wodi ndiye atamwelekeza udongo unapimwa wapi.