Kiti cha kubembea cha Satchel Paige

Mhariri, swali lenu la wiki, "Ni mwanamichezo gani alinyimwa haki yake kuliko wote?", limenigusa pabaya. Jibu langu ni Satchel Paige, mrushaji wa besiboli, mzaliwa wa Mobile, Alabama, 1906. Ligi kuu za Marekani zilikuwa za Wazungu peke yao, kwa hiyo alitamba miaka ishirini na ushei kwenye ligi za Weusi. Cleveland, timu ya ligi kuu, walimsajili Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, umri ambao wenzake wengi walishastaafu. Msimu ule alishinda mechi sita, akapoteza moja, na timu ikatwaa ubingwa.

Lakini kinachonikereketa ni usiku wa tarehe 25 Septemba 1965. Kansas City Athletics, waliokuwa wakiburura mkia, walimwita akiwa na miaka 59 ili uwanja upate watu. Wakamwekea kiti cha kubembea, na nesi pembeni yake. Nesi! Nilipoiona picha ile nilimkumbuka marehemu baba, aliyerukwa kila cheo kilipotolewa, halafu siku ya kustaafu akapewa saa ya ukutani na makofi. Mama aliifungia kabatini.

Basi mzee akainuka kitini, akapanda kwenye kichuguu cha mrushaji. Raundi tatu nzima, wapinzani, Boston, hawakupata hata pointi moja. Ni Carl Yastrzemski wa Boston peke yake aliyeupiga mpira wake sawasawa. Alipopumzishwa, taa zilizimwa, mashabiki wakawasha viberiti gizani na kumwimbia.

Nilishika kalamu nikitaka kusema kwamba ile ilikuwa dhihaka tupu. Sasa moyo unasita. Kiti kilikuwa cha mwenye timu, ila raundi zile tatu ni za Paige, na zimo kwenye kumbukumbu za ligi kuu hadi leo.

Kwa hiyo naomba nibadilishe jina. Paige angalau aliishi hadi akaitwa. Josh Gibson, aliyekuwa akimdakia mipira pale Pittsburgh Crawfords, timu ya ligi za Weusi, na kuipiga kuliko wote, alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye Jackie Robinson, Mweusi wa kwanza wa zama zile kucheza ligi kuu, akafunguliwa mlango. Najua Gibson alikuwa mgonjwa, na huenda mwili usingemruhusu hata kama angeitwa. Hata hivyo jibu langu ni yeye.

Ila saa ya baba bado siitundiki.