Dakika 15 kwa utafiti wa soko la nyanya: kata wapi, ubakize nini

Mkuu, nimeliona swali lako. Uko masta ya biashara ya kilimo, umefuatilia nyanya kutoka Ilula, Iringa, hadi masoko ya Dar, ikisiri yako imepita kwenye kongamano, na sasa una tasnifu ya kurasa zaidi ya 100 ya kubana ndani ya dakika 15, unauliza ukate nini. Mimi nilipita njia hiyo nikiwa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), na tangu hapo nimekaa upande wa wasikilizaji mara nyingi kuliko jukwaani. Nakujibu kwa yale ninayoyasikia yakiulizwa.

Mapitio ya maandiko yaache nyumbani. Hakuna aliyefunga safari kuja kuyasikia. Nadharia itaje kwa sentensi moja, songa mbele.

Muda wako mwingi uweke kwenye vipimo. Ukumbi wa kongamano la kilimo haujai maprofesa peke yao. Yumo afisa wa halmashauri, mtu wa benki, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), na ukibahatika yumo mfanyabiashara anayejua bei ya asubuhi hiyo. Kwenye kikao nilichowasilisha mimi alikuwepo mama anayepeleka nyanya Dar. Aliyenitangulia alionyesha grafu safi kabisa ya bei kwa tenga. Mama akanyoosha mkono: "Mwanangu, tenga lipi? La shambani au la sokoni?" Watu walicheka, lakini nusu ya hesabu za jamaa ilianguka pale pale. Tenga la shambani hujazwa hadi kilemba, yaani lundo juu ya ukingo, likifika sokoni mzigo unapangwa upya. Ni mchezo uleule wa lumbesa, gunia la viazi lililojazwa kupita kipimo. Ukilinganisha bei za matenga mawili yasiyolingana uzito, hiyo unayoiita faida ya dalali huenda ni kilo za nyanya tu. Kwa hiyo badilisha kila kitu kiwe kilo kwenye slaidi ya kwanza ya matokeo, na useme kama ulikwenda na mizani au ulimuuliza mkulima akakukadiria.

Halafu tofauti ya bei usiiite faida. Katikati kuna nauli ya mzigo, vibarua wa kupakia na kushusha, kamisheni, nyanya zilizopondeka njiani, na ushuru wa mazao wa halmashauri. Kwenye ushuru angalia sana: mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Bado naona wanafunzi wanaweka 5 kwenye data za miaka ya baadaye kwa sababu wamenakili tasnifu ya zamani. Mtu wa halmashauri hataliachia hilo lipite. Upande wa mkulima vilevile. Ukitoa mbolea, dawa na vibarua peke yake, ulichobakiwa nacho ni faida ghafi. Kazi ya familia na kodi ya shamba hujazigusa, na mwenye benki atauliza maana yeye anataka kujua kama mkopo utarudi.

Jedwali la rigresheni (hesabu ya kipi kinaathiri pato kwa kiasi gani) usilibandike zima, tafadhali. Chagua vigezo viwili au vitatu vyenye maana, viseme kwa shilingi. Kama umelinganisha wanachama wa ushirika na wasio wanachama, jiandae kwa swali hili: wanapata zaidi kwa sababu ya ushirika, au waliojiunga ni wale waliokuwa tayari na mashamba makubwa na pikipiki? Kutaja jina la mbinu hakutakuokoa. Sema uliwafananisha kwa sifa zipi: umri, ekari, umbali hadi barabara kuu, chochote ulichotumia.

Sampuli nayo. Karibu kila mtu anaandika fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, bila kuipiga hesabu. Kaya 1,500 kwa kosa la asilimia 5 zinahitaji sampuli ya kaya 316. Ukihoji kaya 94, maana yake umekubali kosa la asilimia 10. Si dhambi, pesa ya utafiti tunaijua ilivyo, ila litamke mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mengine madogo: waulize waandaaji kama hizo dakika 15 zimejumuisha maswali, maana mara nyingi zimejumuisha, na hapo unabaki na kama kumi. Msimamizi wako aone slaidi mapema, jina lake limo. Slaidi zikiwa za Kiingereza na ukaulizwa kwa Kiswahili, jibu kwa Kiswahili, mwenye mzigo akuelewe.

Kongamano ni lini? Kama muda upo, bandika hapa slaidi ya matokeo. Humu kuna wasafirishaji wa nyanya, wakubane wao kwanza.